Safari ya Shilingi ya Umma Hadi Cheptais

Ushuru anaolipa mwuza vitunguu katika soko la Cheptais hauruhusiwi kununua hata lita moja ya mafuta ya gari la kaunti kabla haujafika benki. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti, yakiwemo ada za soko, leseni za biashara na mgao kutoka Nairobi, yaingie kwanza katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, ambao akaunti yake huwekwa katika Benki Kuu ya Kenya. Hakuna pesa inayotoka humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye hakuajiriwa na gavana wala na bunge la kaunti. Kwa hiyo karani wa soko akisema kwamba makusanyo ya leo yamewalipa vibarua wa leo, sheria imevunjwa, hata kama kazi imefanyika na vibarua wenyewe wapo.

Wengi huuona utaratibu huu kuwa urasimu wa kuchelewesha mambo. Ni kweli unachelewesha. Lakini kufuli hili lina sababu yake.

Kabla ya ugatuzi, Cheptais ilikuwa chini ya Baraza la Kaunti la Mlima Elgon. Baraza lilikusanya ada zake, na kwa sheria ya 1998 mabaraza yote nchini yakaanza kupata asilimia 5 ya kodi ya mapato. Mwaka 2003 ikaongezwa Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, maarufu kama CDF. Wizara nazo zilituma pesa zao kupitia ofisi za wilaya. Pesa zilifika kupitia milango mingi, kila mlango na kamati yake na daftari lake, na mkazi aliyetaka kujua jumla iliyotengewa kata yake hakuwa na mahali pamoja pa kuuliza.

Kisha kuna jambo ambalo Cheptais inalijua kuliko maeneo mengi ya Kenya. Mapigano ya 2006 hadi 2008, yaliyoua mamia ya watu na kuwahamisha maelfu, yalichochewa na ugawaji wa ardhi katika skimu ya makazi ya Chepyuk: nani yumo kwenye orodha, nani ametolewa, na orodha yenyewe imeandikwa na nani. Operesheni ya jeshi ilianza Machi 2008. Makala haya hayarudii yaliyotendeka, wala pesa za barabara si sawa na ardhi. Hata hivyo, mahali palipowahi kuumizwa na orodha isiyoonekana, kila mradi usioelezwa huanza kusemwa kwa jina la ukoo au la kijiji. Kalavati ikijengwa upande mmoja wa mto, upande wa pili hauiti hilo bajeti, unaita upendeleo. Hapo ndipo hesabu za wazi zinakuwa suala la amani, si la wahasibu pekee.

Katiba ya 2010 na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 zilikuja kufunga ile milango mingi, na serikali za kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Kaunti zote 47 kwa pamoja zinastahili kupata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, ikihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 370, na sehemu ya Bungoma ilizidi bilioni 10.6. Jinsi ya kuugawa huamuliwa na Seneti kwa fomula. Mnamo 2020 maseneta walivutana juu ya fomula hiyo hadi Septemba, na kaunti zikakaa miezi ya mwanzo wa mwaka wa fedha zikingoja pesa huku mishahara ikidaiwa.

Lakini je, sheria nzuri inatosha? Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mpaka wa Lwakhakha. Uganda ya mwanzo wa miaka ya 1990 ilikuwa nchi inayojikusanya baada ya vita. Serikali ilitoa ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na vitabu vya hesabu vya Kampala vilionyesha kwamba pesa zimetumwa. Watafiti walipokwenda katika shule 250 na kulinganisha kilichotumwa na kilichopokelewa, waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 ni wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika shuleni. Nyingine iliishia wilayani. Walimu wakuu wengi hawakujua hata kiasi walichostahili kupata, na asiyejua deni lake hawezi kulidai.

Serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 kiwango kilichofika shuleni kilikuwa kimepanda hadi karibu asilimia 80. Baadaye wachumi walibishana, na wana haki, kwamba gazeti peke yake halikufanya kazi hiyo yote, kwa sababu wakati huohuo serikali ilikuwa imebana usimamizi wa fedha kwa njia nyingine. Hata hivyo hakuna anayepinga kwamba mwalimu mkuu mwenye tarakimu mkononi alikuwa mtu tofauti mbele ya afisa wa wilaya.

Kwa upande wa Cheptais, tarakimu hizo zipo, na zina kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kufikia Septemba 1 kaunti inatakiwa kuwasilisha kwa bunge lake Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao ndio orodha ya kwanza ya miradi ya mwaka unaofuata. Kufikia Februari 28 hufuata Taarifa ya Mkakati wa Fedha, inayosema kila idara itapata kiwango gani. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na bunge linatakiwa kuyapitisha kufikia Juni 30.

Watu wengi hufika kwenye vikao vya ushiriki wa umma wakati wa makadirio, mlango ukiwa karibu kufungwa. Wakati huo viwango vya idara vimeshawekwa, na kuongeza barabara moja Cheptais ni lazima kupunguza kitu Chesikaki au Kapkateny. Mkazi anayetaka mradi mpya apate nafasi ahudhurie mapema, mpango wa mwaka unapoandaliwa. Na tangazo la kikao likibandikwa jioni kwa kikao cha kesho asubuhi, mkazi ana haki ya kulilalamikia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi wapate habari kwa wakati unaofaa.

Kuna kosa jingine linalofanyika kwenye vikao hivyo. Wakazi huomba zahanati, zahanati inajengwa, kisha milango inakaa imefungwa. Jengo hulipwa kutoka fungu la maendeleo, ambalo sheria inataka liwe angalau asilimia 30 ya bajeti. Muuguzi, dawa na umeme hulipwa kutoka fungu la matumizi ya kawaida, na kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Mafungu hayo mawili hayaongezeki kwa sababu tu ukuta umepanda. Anayeomba jengo aulize palepale: muuguzi wake yuko kwenye bajeti ya mwaka gani?

Tena, kiasi kilichoandikwa katika bajeti bado si pesa. Ni ruhusa ya kutumia pesa zikifika. Mgao ukichelewa Nairobi, au ada za ndani zikikusanywa chini ya makadirio, mradi unabaki kwenye karatasi, au mbaya zaidi, mwanakandarasi anaanza kazi na kulipwa mwaka unaofuata. Mfanyabiashara aliyepeleka maharagwe hospitalini kwa mkopo ndiye anayebeba gharama ya matumaini hayo. Bajeti inayotabiri mapato makubwa kuliko uwezo hupendeza kusomwa, lakini madeni ya mwaka kesho huanzia hapo.

Kinachosahaulika zaidi ni bajeti ya ziada. Katikati ya mwaka kaunti inaweza kurudi bungeni kubadilisha iliyopitishwa Juni. Kuna dharura za kweli, maporomoko ya ardhi mlimani yakiwa mojawapo. Lakini ni katika bajeti ya ziada ambapo mradi uliosomwa hadharani unaweza kupunguzwa au kutoweka. Mkazi aliyehifadhi nakala ya Juni ana kitu cha kulinganisha. Aliyetegemea kumbukumbu ya mkutano atabaki kubishana.

Mifumo ya kompyuta imesaidia. Malipo ya kaunti hupitia IFMIS, mfumo wa kitaifa unaoacha alama ya kila hatua na kila aliyeidhinisha. Hata hivyo mfumo haujui bei ya vitu. Wakazi wa Bungoma hawahitaji kukumbushwa mwaka 2015, wakati wilibaro 10 ziliponunuliwa kwa shilingi 109,320 kila moja, na maafisa wakafikishwa mahakamani. Bei hiyo ilikuwa kwenye karatasi za ununuzi. Ilihitaji mtu mmoja tu aliyewahi kununua wilibaro dukani aisome.

Hospitali nazo zimepata utaratibu wao. Kwa miaka kadhaa ada iliyolipwa na mgonjwa ilikwenda kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na hospitali kama ile ya Cheptais ikasubiri irudishiwe, pengine hata glavu zikiwa zimeisha. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 iliruhusu vituo vya umma kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia hapohapo kulingana na mpango ulioidhinishwa. Hii ni tofauti halali na kanuni ya akaunti moja iliyotajwa mwanzoni. Pia inahamisha uangalizi: pesa zikibaki Cheptais, wa kwanza kuziuliza ni kamati ya hospitali na wakazi wa Cheptais. Kituo kinachobandika makusanyo na matumizi yake ya kila mwezi karibu na dirisha la malipo huwa kimejibu maswali mengi kabla hayajaulizwa.

Kabla ya kuuliza, ni vyema kujua nani wa kuulizwa. Zahanati, masoko, chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini na barabara za kaunti ni za serikali ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. CDF iko chini ya ofisi ya eneo bunge. Barua nyingi hupotea miezi kwa kwenda ofisi isiyohusika.

Nyaraka za kuangalia ni tatu. Ya kwanza ni bajeti iliyoidhinishwa, yenye kiambatisho cha miradi kwa kila wadi. Ya pili ni ripoti za kila robo mwaka za Mdhibiti wa Bajeti, zinazoonyesha kilichopokelewa na kilichotumika. Ya tatu ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ambaye Katiba inampa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kumalizika. Mdhibiti hulinda pesa kabla hazijatoka, naye Mkaguzi huangalia zilivyotumika. Mradi unaoonekana katika nyaraka zote tatu lakini hauonekani ardhini, huo una swali la kujibiwa.

Swali hilo huandikwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba nyaraka kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyeweza kuandika husema kwa mdomo, afisa akamwandikia na kumpa nakala. Barua fupi inatosha: jina la mradi, wadi, mwaka wa fedha, na nakala inayotakiwa, kwa mfano kandarasi, makadirio ya gharama au cheti cha kukamilika kwa kazi. Hakuna ada ya kuomba; kinacholipwa ni gharama ya kunakili tu. Si lazima kueleza sababu. Nakala moja ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa na mwombaji abaki nayo, kwa maana ofisi ina siku 21 za kujibu kuanzia siku hiyo. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina uwezo wa kuamuru nyaraka zitolewe.