Haki ya Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu

Ndugu zetu Waislamu, leo twasoma mas-ala yanayoingia majumbani mwetu kimya kimya. Wengi wa watu wa Mombasa, Lamu na Malindi wana watoto wao Nairobi. Mzazi aanzapo kusahau huchukuliwa kwenda huko, akakaa ghorofani Kilimani au Kileleshwa, au akawekwa katika nyumba ya kulelea wazee pamoja na watu asiowajua. Je, kwa kufanya hivyo haki yake imetimizwa?

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Kusahau huku si uchawi, si jini, wala si uzee mtupu. Ni maradhi ya ubongo, na aina yake iliyoenea zaidi ni ile aliyoieleza tabibu wa Kijerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 wagonjwa walikuwa milioni 57. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Lakini yako mengine yanayofanana nayo, kama upungufu wa vitamini B12, nayo yatibika. Kwa hivyo mgonjwa apelekwe kwa tabibu mapema. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mlango wa dhulma ile ni ujinga.

Katika Suratun Nahl tumekumbushwa kuwa wako watakaorudishwa kwenye umri wa unyonge, wasijue waliyokuwa wakiyajua. Aliyeondokewa na akili ameondolewa lazima ya ibada, wala hakuondolewa heshima yake. Basi mama akiuliza mara ya nne kama adhuhuri imeadhiniwa, ajibiwe kwa upole ule ule wa mara ya kwanza.

Ama nyumba ya pamoja, yenyewe si aibu. Huko Uholanzi, katika mji wa Weesp, tangu 2009 pana mtaa uitwao Hogeweyk. Wagonjwa hukaa sita au saba katika nyumba moja, chakula hupikwa mle mle, nao hutembea vichochoroni na bustanini pasi na kufungiwa chumbani. Maana yake ni kuwa mgonjwa hutulizwa na maisha aliyoyazoea. Na mzee aliyefungiwa peke yake katika ghorofa ya mwanawe kutwa nzima aweza kuwa na hali mbaya kuliko aliye katika nyumba njema ya wazee.

Basi kabla ya kumpeleka popote, tuulize haya:

1. Walezi ni wale wale kila siku, au hubadilishwa?
2. Yuko ajuaye lugha yake? Mgonjwa aweza kupotewa na lugha ya ukubwani akabaki na ya utotoni. Mwenye Kiamu atasemezwa na nani?
3. Apata maji ya udhu, nguo zake na chakula alichokizoea?
4. Hufungwa kitandani, au hunyweshwa dawa za usingizi ili asisumbue?
5. Ni nani wa jamaa atakayemzuru, na siku gani?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Basi matunzo haya si hisani. Mwana alipaye ada ya kila mwezi, kisha asionekane, bado ana deni.