Dondoo muhimu: Pima sera kabla ya kuichagua

Kwa vijana wa Mabawa, Tanga, mnaocheza Civilization VI.

Asilimia igeuze iwe zamu. Sera ya Colonization huongeza kasi ya kuzalisha walowezi kwa asilimia 50. Mlowezi wa kwanza hugharimu uzalishaji 80; mji unaozalisha 10 kwa zamu humpata kwa zamu 8, na kwa sera hiyo zamu 6. Umeokoa 2. Kama huna mpango wa kupanua himaya, umeokoa sifuri.

Gharama halisi ni kile ulichokiacha. Nafasi ileile ingeweza kubeba Urban Planning, inayotoa uzalishaji 1 kwa kila mji. Mwenye miji 5 hupata 5 kila zamu, bila masharti.

Usinunue mabadiliko. Ukikamilisha hatua mpya ya mti wa utamaduni, kubadili sera ni bure. Nje ya hapo unalipa dhahabu.

Tenga sera na upepo wa dunia. Hili Tanga inalijua kupitia mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Mashamba mengi yakataifishwa 1967, na uzalishaji ukaporomoka kwa miongo. Lakini bei ilikuwa imeshaanza kushuka kabla, nyuzi za sintetiki zikiteka soko. Anayelaumu utaifishaji peke yake anakosea, na anayeusafisha kabisa anakosea vilevile. Wafanyakazi wa mashamba hawakuweza kurudia miaka ile. Wewe unaweza: hifadhi mchezo, cheza zamu 10, rudi nyuma, jaribu sera nyingine, kisha linganisha matokeo.