BMI Yako Ni Ngapi, na Inakwambia Nini?

Ukifika kituo cha afya kwa vipimo vya kawaida, muuguzi huandika uzito wako, huandika urefu wako, kisha huandika namba ya tatu, mathalani 28.1, na kukuelekeza kwenye chumba kinachofuata. Wengi huondoka na karatasi hiyo bila kuelezwa namba ya tatu ni ya nini. Hiyo ndiyo BMI, yaani uzito wa mwili ukilinganishwa na urefu wake.

Inahitajika kwa sababu kilo peke yake hazitoshi. Mtu mwenye kilo 72 na urefu wa mita 1.82 ni mwembamba. Kilo zizo hizo kwa mwenye mita 1.60 ni habari nyingine.

Hesabu yake unaifanya kwa simu yoyote yenye kikokotoo. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu kwa mita, kisha jibu ulilopata uligawe tena kwa urefu ule ule. Kilo 72 kugawanya kwa 1.60 ni 45. 45 kugawanya tena kwa 1.60 ni 28.1. Anayejua urefu wake kwa futi aubadilishe kwanza: futi moja ina inchi 12, na kila inchi ni sentimita 2.54. Futi 5 na inchi 3 ni inchi 63, sawa na mita 1.60.

Makosa mengi hutokea kwenye urefu, wala si kwenye mizani. Watu hutaja urefu walioandikiwa zamani, au hujiongezea kidogo. Yule wa kilo 72 akisema ana mita 1.64 badala ya 1.60, BMI yake itashuka hadi 26.8 bila kupungua hata gramu moja. Kwa hiyo vua viatu, vua kilemba, fungua nywele kama zimefungwa juu, simama visigino na mabega vikigusa ukuta, na mtu mwingine aweke kitabu kigumu kichwani mwako kikiwa kimenyooka. Weka alama ya penseli, pima kwa tepu ya fundi cherehani. Mizani nayo ikae juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka au zulia, na upande asubuhi ukiwa na nguo nyepesi, baada ya kwenda haja. Ile mizani ya kulipia iliyo kando ya barabara, ambayo wateja huipanda na viatu na mizigo mkononi, si ya kutegemea sana. Ila kama huna nyingine, tumia ileile kila mara, angalau utaona kama unapanda au unashuka.

Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka kwa watu wazima. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni kiribatumbo. Kiribatumbo chenyewe kina ngazi zake, na ukifika 40 umeingia ile ya juu kabisa. Kwa mtu wa mita 1.60, uzito wa kawaida ni kati ya kilo 47 na nusu na kilo 63 na nusu hivi. Wa mita 1.75 ana nafasi ya kilo 57 hadi 76. Ni nafasi pana, na hakuna sehemu moja ndani yake ambayo ndiyo kamili kwa kila mtu.

Kanuni hii haikutungwa na daktari. Ilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa miaka ya 1830 aliyekuwa mtaalamu wa nyota na takwimu. Alitaka kujua mtu wa wastani akoje katika jamii. Ugonjwa haukuwa hoja yake. Mwaka 1972 mwanasayansi wa Marekani Ancel Keys na wenzake waliilinganisha na kanuni nyingine kwa kutumia vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakaona inafaa zaidi kwa uchunguzi wa makundi makubwa, nao ndio walioipa jina inalotumia leo. Wanawake hawakuwamo. Mipaka nayo imewahi kusogezwa: mwaka 1998 Marekani ilishusha mwanzo wa uzito uliozidi kutoka takriban 27 hadi 25, na mamilioni ya watu wakajikuta wamezidi bila kuongeza kilo moja.

Sisemi haya ili uidharau. Kwa watu wengi, BMI inapopanda juu ya 25, na hasa juu ya 30, hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo na maumivu ya magoti hupanda nayo. Lakini kazi yake ni kukuambia uulize zaidi. Kuhukumu hali ya mtu mmoja kwa namba hiyo tu ni kuibebesha mzigo ambao haikutengenezewa.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mizani haitofautishi misuli na mafuta. Kijana anayebeba magunia ya mchele sokoni kila siku anaweza kupata 27 akiwa hana mafuta ya ziada. Mwenzake anayekaa ofisini kutwa anaweza kupata 23, namba nzuri kabisa, huku mikono na miguu ni myembamba na kitambi kimetangulia mbele. Huyu wa pili ndiye wa kuangaliwa. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayana madhara makubwa kama yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo. Haya ya ndani huufanya mwili usiitikie vizuri insulini, sukari ikaanza kubaki kwenye damu.

Ndiyo maana ukishapata BMI, pima kiuno. Huhitaji hata tepu. Chukua kamba yenye urefu sawa na wako kutoka utosini hadi kisigino, ikunje mara mbili sawasawa, kisha zungusha hiyo nusu kiunoni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kubana tumbo. Ncha zikikutana bila shida, vizuri. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hapo ushauri ni mmoja hata kama BMI inasoma 24: nenda ukapimwe presha na sukari. Anayetaka sentimita, tahadhari huanza kwenye 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume; hatari huwa kubwa zaidi ukivuka 88 na 102.

Kuna watu ambao mipaka ya kawaida huwachelewesha kujua hatari waliyonayo. Wenye asili ya Asia ya Kusini, na familia hizo ni nyingi Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na Kampala, hupata kisukari kwenye uzito mdogo kuliko wengine. Jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2004 kwamba kwao tahadhari ianze 23, na hatari kubwa ihesabiwe kuanzia 27.5.

Wengine jedwali hili haliwahusu kabisa. Mjamzito hupimwa kwa njia nyingine. Kinachoangaliwa ni uzito aliokuwa nao kabla ya mimba na kilo anazoongeza kliniki hadi kliniki. Watoto na vijana kuanzia miaka 5 hadi 19 wana chati zao zinazozingatia umri na jinsia, kwa hiyo 17 inayotisha kwa mtu mzima inaweza kuwa sawa kabisa kwa mtoto wa miaka 10. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mkono kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo afikishwe kituoni siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliyevimba miguu au tumbo kwa maji, kutokana na moyo, figo au ini, atapata BMI ya uongo. Wazee hupungua kimo na kupoteza misuli, kwa hiyo namba inaweza kubaki ileile huku nguvu zinakwisha.

Ugumu kwetu sisi hauko kwenye hesabu. Mtu akirudi kijijini amenenepa, husifiwa kwamba amenawiri, mambo yamemnyookea. Kitambi cha mwanamume hutajwa kwa kicheko cha heshima, kana kwamba ni akaunti ya benki. Akikonda, ataulizwa kwa sauti ya chini anaumwa nini. Swali hilo lina historia ya majonzi: katika miaka ya 1980 UKIMWI uliwakondesha watu mpaka Uganda wakauita siliimu, kutokana na neno la Kiingereza slim, yaani mwembamba, na jina hilo bado linatumika kwa Kiganda. Aliyezika ndugu enzi hizo haoni ajabu kuogopa kupungua. Nadhani wahudumu wa afya wanaomwambia mama wa miaka 50 “punguza mwili” kisha wakamwita mgonjwa mwingine hawajafikiria majirani watasema nini atakapopungua. Ukiamua kupunguza, waambie wa nyumbani mapema kwamba ni mpango wako.

Hofu hiyo hiyo ya wembamba, pamoja na tamaa ya umbo, ndiyo inayouza vidonge vya kunenepesha mtaani. Baadhi yake ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Hufanya uso ujae na mwili uonekane umeongezeka, lakini hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili, na aliyeitumia kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Aliyekwisha kuanza aende kwa daktari apunguziwe taratibu.

BMI ikiwa chini ya 18.5 na umekuwa hivyo tangu ujana, unakula vizuri na huna dalili yoyote, huenda ndivyo ulivyo. La kushtua ni kushuka. Ukipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, yaani kilo 3 na nusu kwa mtu wa kilo 70, nenda kituoni hata kama bado uko kwenye uzito wa kawaida. Kifua kikuu, VVU, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, saratani na msongo wa mawazo vyote vinaweza kuanza hivyo.

Aliye juu ya 30 huvunjika moyo akihesabu kilo zinazomtenganisha na 24.9. Asihesabu hivyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, wastani wa BMI yao ukiwa 34. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi, hasa kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa karibu miaka mitatu, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 87, asilimia 7 ni kilo 6. BMI yake inatoka 34 kwenda 31.6. Kwenye jedwali bado anaitwa mwenye kiribatumbo, lakini mwili wake umeshapata nafuu kubwa.

Kwenye sahani, anza na vitu viwili. Soda ya nusu lita inaweza kuwa na sukari zaidi ya gramu 50, ambayo ni karibu kiwango cha juu kabisa cha siku nzima kwa mtu mzima. Na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori takriban 120, kwa hiyo pima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye dumu. Ugali si adui. Kipande kiwe kidogo na mboga za majani ziwe nyingi.

BMI yako ikiwa 25 au zaidi, au kamba isipokutana kiunoni, omba upimwe presha na sukari siku hiyo hiyo unapopimwa uzito. Andika namba zote pamoja na tarehe, na urudie baada ya miezi 3.