Somo la Vijana: Filamu Ambayo Hatukuitazama



Mwaka 2018 filamu ya Kenya iitwayo Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilizua mjadala mkali. Inahusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Mwezi wa nne ilipigwa marufuku nchini Kenya. Mwezi wa tano ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Mwezi wa tisa Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu.

Hapa Dodoma nasi tuliijadili, baada ya rozari. Yaani tulicheka jamani, na mimi ndiye niliyeongoza kejeli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona. Dada mmoja alikaa kimya, akajifunga kitenge chake, akaondoka. Hakurudi tena kwenye kikundi. Sikumfuata kumuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Baadaye nikafungua Katekisimu, namba 2357 hadi 2359. Kumbe! Kanisa halifichi fundisho lake, na usafi wa moyo linatudai sote. Lakini papo hapo linaagiza watu wenye mwelekeo huo wapokelewe kwa heshima na huruma, wasibaguliwe isivyo haki. Mimi nilishika nusu ya fundisho, nusu nyingine nikaiacha.

Soma Yohane 8:1-11. Yesu hakuiita dhambi wema, lakini jiwe hakuokota.

Zoezi la wiki: kabla hujachangia mjadala wa filamu, jiulize, nani amekaa karibu yangu?

Mimi Jumapili hii naenda kwa yule dada kumwomba radhi. Mniombee.