Anza na daftari la kikoba

Nikiwa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, nilimwandikia shangazi yangu programu ya kutunza hesabu za kikoba chake na kina mama wenzake. Kina mama wale walinunua hisa kila wiki, wakakopa, wakarejesha na riba, na mwezi wa kumi na mbili wakavunja kikoba ili wagawane. Siku hiyo faida ilikuwa shilingi 1,000,000 na hisa zilikuwa 700. Programu yangu iligawanya, ikapata 1,428.57, ikakadiria kuwa 1,429 kwa kila hisa. Nikaona kazi imekwisha. Wakaanza kuhesabiwa mmoja mmoja hadi zamu ikamfikia mweka hazina, aliyekuwa amejiweka wa mwisho kwa heshima ya wenzake. Sanduku likaishiwa kabla fungu lake halijatimia. Zilipungua shilingi 300.

Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo mia tatu umempa nani?" Somo la uandishi wa programu nilikuwa nimelifaulu kwa alama A, lakini jibu sikuwa nalo. Nililipata usiku, nilipozidisha 1,429 kwa 700 na kuona 1,000,300. Nilikuwa nimegawa pesa ambazo hazikuwepo. Kesho yake nikaondoa desimali zote: kila hisa ipate 1,428, yabaki masalio ya 400, na kikao kiamue yaende wapi. Wakayapeleka mfuko wa jamii. Tangu siku ile pesa naitunza kwa namba kamili, na kila programu yangu hujumlisha ilichogawa na kulinganisha na kilichokuwepo kabla ya kumwonyesha mtu chochote.

Kwa hiyo, ukiniuliza namna ya kusoma kompyuta chuoni, nitakuambia hili kabla ya jingine lolote: mwaka wa kwanza usiishe kabla hujampata mtu mmoja mwenye hesabu, orodha au foleni inayomsumbua, ukamwandikia programu. Awe mwenye duka la dawa, fundi cherehani mwenye oda za sare za shule, au mwalimu wa madrasa anayetunza mahudhurio. Sharti ni moja tu: awe mtu atakayekupigia simu ikikosea. Zoezi la darasani likikosea unapoteza alama mbili na unalisahau. Hesabu ya mtu ikikosea utalala nayo.

Tena hapo ndipo masomo yanapofunguka. Chukua hifadhidata, somo ambalo wengi hulikariri ili wavuke mtihani. Tuseme mfuko wa jamii una shilingi 10,000. Katibu, akiwa na simu yake, anatoa 8,000 za mgonjwa. Dakika hiyohiyo mweka hazina, akiwa kwake, anatoa 7,000 za msiba. Simu zote mbili zimesoma salio la 10,000 na zote zimeona linatosha. Ya katibu inaandika limebaki 2,000. Ya mweka hazina inakuja juu yake na kuandika limebaki 3,000. Zimetoka 15,000 kwenye mfuko wa 10,000, na kitabu kinaonyesha bado kuna akiba! Ndiyo maana vitabu vya hifadhidata vina sura nzima kuhusu miamala na kufuli: anayetoa afunge, asome, aandike, afungue, na mwingine asubiri. Kina mama wa vikoba walilijua hilo zamani. Vingi vina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na halifunguliwi ila mbele ya kikao.

Au chukua mitandao. Mwanachama analipa kwa simu, pesa inakatwa, kisha mtandao unapotea kabla jibu halijarudi. Programu ikituma ombi upya, mama wa watu anakatwa mara mbili. Dawa yake ni kuliwekea kila ombi namba yake kabla halijaondoka, ili upande wa pili ukiiona namba ileile tena urudishe jibu la mwanzo bila kukata pesa. Ukishalitatua tatizo hili kwa mkono wako, hakuna mhadhiri atakayehitaji kukubembeleza usome sura ya mitandao.

Hisabati usiikimbie. Waliotoka mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) huiona nyepesi na waliotoka kwingine huiogopa, lakini mantiki, seti na uwezekano hujifunzwa na yeyote anayekaa na kalamu kila siku kwa saa moja.

Kuhusu madesa nitasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana wenye akili wakiharibika nayo. Kukusanya maswali ya miaka iliyopita na kuyakariri kutakuvusha semista, hata GPA itapendeza. Kisha unakaa mbele ya kompyuta kazini na hujui uanzie wapi. Akili unde imeongeza mtego huo, maana sasa desa linaandikwa upya kwa ajili yako kila unapouliza. Itumie, lakini kwa utaratibu: jaribu mwenyewe kwanza kwa nusu saa, kwenye karatasi; ukikwama, uliza kuhusu pale ulipokwama tu; ukipata jibu, lifunge, uandike upya bila kulitazama. Halafu mweleze mwenzako wa chumbani kila mstari unafanya nini. Mstari usioweza kuueleza si wako bado.

Vifaa visikutishe. Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD, inatosha shahada nzima, hasa ukiweka Linux, ambayo ni ya bure na ndiyo utakayoikuta kwenye seva nyingi kazini. Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Bumu la mkopo wa chuo likitoka, nunua kompyuta kabla ya viatu. Bando likiwa shida, pakua mwongozo wa Python wote kwa mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, usome hosteli bila mtandao. Na jifunze Git, programu ya kutunza historia ya kazi yako, mapema, mwezi wa kwanza ikiwezekana. Hifadhi kazi yako kila siku kwa maelezo mafupi ya ulichobadilisha na sababu yake. Baada ya miaka mitatu utakuwa na kumbukumbu ambayo mwajiri anaweza kuisoma ukurasa kwa ukurasa.

Ukienda fildi, huenda ukapewa kuunganisha printa na kubadilisha wino wiki mbili nzima. Usinune. Mwenye printa ndiye anayejua ofisi inakwama wapi. Mimi nilipokuwa fildi, kwenye ofisi moja ya umma, karani aliyekuwa akinitumia kutoa nakala ndiye aliyenionyesha daftari la maombi ambalo yeye na mwenzake walilinakili kwa mkono kila Ijumaa kwenda kwenye faili jingine. Nikaandika programu fupi ya kufanya kazi hiyo, na ripoti yangu ya fildi ikawa na kitu cha kusema. Uliza swali hili kwa kila unayemsaidia: ni kazi gani unairudia kila wiki?

Mradi wa mwaka wa mwisho nao usiwe mfumo mwingine wa kusajili wanafunzi. Endeleza ile programu yako ya mwaka wa kwanza. Msimamizi atauliza maswali magumu, nawe utakuwa na majibu ya miaka mitatu.

Kwa wanaolenga ajira ya serikali, kwa mfano Afisa TEHAMA Daraja la II, jiandae kwa usaili wa mchujo unaoandikwa, wa vitendo na wa mahojiano. Wa vitendo ndio unaowaumbua waliokariri, kwa kuwa unawekwa mbele ya mashine na muda unakwenda. Kampuni binafsi mara nyingi zitataka kuona ulichojenga, na hapo ndipo mia tatu zangu zilinisaidia. Nilipoulizwa kwenye usaili wangu wa kwanza nieleze kosa nililowahi kufanya, niliwachorea ubaoni 1,429 mara 700. Tukazungumza juu ya hilo tu kwa muda mwingi uliobaki.

Kama una shangazi mwenye kikoba, nenda kikao kijacho. Kompyuta iache nyumbani. Chukua kalamu na daftari. Kaa nyuma ya mweka hazina, uandike kila anachohesabu, kila anachokirudia, na kila mahali anaposimama kumuuliza mtu. Usipendekeze kitu siku hiyo. Wiki ya pili rudi tena, na umwombe akuruhusu umsaidie kujumlisha.