Manju, Tunza Sauti Yako



Baada ya mavuno, Usukumani ni wakati wa ngoma. Wagika na Wagalu hushindana. Manju huimba tangu mchana mpaka jioni, juani na vumbini. Kesho yake sauti imekauka.

Sauti hutoka wapi? Weka kidole kooni, kisha sema "aaa". Utasikia panatetemeka. Ndani pana mikunjo miwili midogo ya nyama. Pumzi ikipita, mikunjo hiyo hutetemeka na kutoa sauti. Ukipiga kelele mno, huvimba.

Maksai hufundishwa pole pole kabla ya kukokota plau. Sauti nayo ni hivyo hivyo. Fanya mazoezi haya kila asubuhi:

1. Simama wima, legeza mabega. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo litokeze. Itoe pole pole ukisema "sss". Mara tano.

2. Funga midomo bila kubana meno. Vuma "mmm" kama nyuki. Sauti ipande, kisha ishuke. Mara tano.

3. Tia mrija katika kikombe chenye maji nusu. Puliza huku ukivuma "uuu", maji yatoe mapovu. Mara tano.

Ukisikia maumivu, acha.

Siku ya ngoma, kunywa maji safi mara kwa mara. Acha tumbaku na pombe. Waitikiaji wakiimba, wewe pumzika. Sauti ikikauka, nyamaza siku mbili tatu. Usinong'one kwa nguvu, maana huko nako huchosha koo.

Mzee mmoja, manju, alikuja kwangu. Sauti ilikuwa imekauka miezi miwili. Alisema amerogwa na upande wa pili. Alikuwa amekwisha toa mbuzi kwa mganga wa kienyeji. Nilimwandikia apimwe makohozi. Kumbe ni kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita bila kukosa. Sasa anaongoza ngoma tena, ingawa haimbi kwa muda mrefu kama zamani.

Basi, sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, nenda zahanati. Ukikohoa kwa wiki mbili, au ukitoka jasho jingi usiku, nenda usingoje. Ukitema damu, nenda siku hiyo hiyo. Nawaambia hasa ninyi mliofanya kazi katika vumbi la mawe, kwenye machimbo ya Geita. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini manju apumzike waitikiaji wakiimba?
2. Yule mzee alichelewa kwa sababu gani?
3. Nani kijijini kwenu sauti yake imekauka siku nyingi? Mtamshauri nini?