Kumlea Propu Chipukizi: Miguu Kabla ya Nguvu

Kijana wa miaka 17 mwenye kilo 105 anapojitokeza kwenye mazoezi ya raga Ukunda au Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, kocha humtamani kabla hajamjua. Timu imepungukiwa na propu, mechi ni Jumamosi, na kijana mwenyewe ana hamu. Anaingizwa mstari wa mbele wa skramu, mahali pa propu katika msukumano wa timu mbili, akiwa na siku tatu za mazoezi. Hilo ni kosa, hata pale timu inaposhinda. Mwili mkubwa ni mali ghafi tu. Shingo na mgongo visivyofundishwa haviokolewi na kilo, na huenda kilo hizohizo ndizo zikaviumiza.

Sheria za raga hazikuacha nafasi ya kubahatisha. Mstari wa mbele huchezwa na aliyefunzwa kwa ajili yake. Timu isiyo na wachezaji hao hucheza skramu isiyosukumana, nayo timu ya vijana walio chini ya miaka 19 hairuhusiwi kuisukuma skramu zaidi ya mita 1.5. Kocha anayemwendea refa kabla ya mechi na kukiri kwamba hana propu aliye tayari ametimiza wajibu wake, na uongozi wa klabu unapaswa kumuunga mkono waziwazi.

Kazi ya propu huanzia chini. Nyayo zikae upana wa mabega, vidole vikielekea mbele, magoti yakunjwe, nyonga ziwe chini ya mabega, mgongo unyooke na kidevu kiachane na kifua. Maelezo haya kijana huyasikia mara kumi na kuyasahau mara kumi. Zoezi moja huyafikisha mwilini: ainame katika mkao wa skramu, kisha awekewe kifuu cha nazi chenye maji mgongoni, juu kidogo ya mshipi. Apige hatua sita fupi kwenda mbele na sita kurudi nyuma, kila hatua isizidi urefu wa kiganja. Akiinua nyonga, maji yanamwagikia shingoni. Akivuta hatua ndefu, kifuu kinaanguka. Mazoezi ya mwanzo kifuu hakimalizi hatua tatu. Kikishatulia, na hatua zikawa za kimya, kijana yuko tayari kumkabili mtu mmoja. Baadaye watatu kwa watatu. Na baada ya hapo ndipo skramu kamili ya wanane ifuate.

Ufuo wa Diani unasaidia, lakini unahitaji kuchaguliwa saa. Mchanga mkavu wa juu hukomaza mashavu ya miguu na papo hapo hufundisha hatua nzito, kwa kuwa unyayo huzama kabla ya kusukuma. Maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, mchanga wa karibu na maji hushikamana, na hapo ndipo hatua ya haraka hufundishika. Kocha mwangalifu huweka ratiba ya maji kupwa na kujaa pamoja na ratiba ya mechi.

Mikono hufuata miguu. Propu hushika jezi ya mpinzani mgongoni au ubavuni. Kushika kifua, mkono au kola ni kosa. Shingo iimarishwe polepole: mwenzake aweke kiganja kwenye paji la uso, kijana akisukume kwa sekunde kumi bila kichwa kusogea, kisha pande nyingine tatu. Zoezi hili ni dogo, halipendezi kutazamwa, na hurukwa kuliko yote. Lisirukwe.

Kuna vijana wanaoitazama kandanda ya Marekani na kujiona humo, na ndoto hiyo ina msingi. Daniel Adongo, mchezaji raga wa Kenya, alijiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013. Mfano unaomfaa zaidi kijana wa mstari wa mbele ni Jordan Mailata wa Australia. Alichaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2018 akitokea raga ya wachezaji 13, bila kuwahi kucheza mechi hata moja ya kandanda hiyo, na kazi aliyopewa ilikuwa kumkinga mrusha mpira. Alianza mechi yake ya kwanza ya ligi mwaka 2020. Mtu wa zaidi ya mita mbili alihitaji muda wote huo kabla ya kuaminiwa, ingawa nguvu alikuja nazo.

Mkingaji wa mrusha mpira hurudi nyuma kwa hatua fupi, nyonga chini, bila kumrukia mshambuliaji, na viganja vyake hulenga kifuani. Akimkumbatia kwa nje, timu yake huadhibiwa yadi kumi. Miguu ni ileile ya propu, ila sheria hazifanani: kwenye raga, kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa. Anayefunza yote mawili asiyachanganye katika kipindi kimoja.

Kichwa kikigongwa na mtikiso wa ubongo ukashukiwa, mchezaji hutoka mara moja, harudi siku hiyo, na hachezi mechi kabla ya siku 21 kupita na dalili kwisha. Anayelalamikia shingo hasogezwi. Kichwa chake kishikiliwe palepale alipolala mpaka gari la wagonjwa lifike. Kumpakia kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali ya Msambweni, hata kwa nia njema, kunaweza kumpoozesha. Namba ya gari hilo iwe mfukoni mwa kocha kabla ya kipenga cha kwanza.

Uzito uongezwe kwa chakula: mayai, samaki, mbaazi, maharagwe, muhogo, wali. Unga wa kutunisha misuli unaouzwa bila maelezo ni hatari ya afya na ya kazi, kwa kuwa mchezaji huwajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe alikijua au hakukijua. Mwezi wa Ramadhani, skramu za nguvu zisimame. Hatua na mikono zifanywe kwa wepesi saa moja kabla ya futari, au baada ya tarawehe kwa wanaoweza.

Mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022, na maslahi yake hutangulia ya timu. Ridhaa ya mzazi iandikwe, na ratiba ya mtihani iheshimiwe. Akija wakala na karatasi ya ufadhili wa masomo ng'ambo, isitiwe saini uwanjani. Ipelekwe nyumbani, isomwe kwa lugha ambayo mama na baba wanaielewa, kipengele kwa kipengele: nani analipa matibabu akiumia, masomo yatakuwaje asipochaguliwa timuni, na nauli ya kurudi iko kwa nani.